Lawama Isiyotaja Jina

Waomani wengi waliozaliwa Unguja na Pemba walihamia Maskati baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Walikuja na Kiswahili chao, na taarabu yao. Mtu aliyepoteza kisiwa kizima, kwa nini aliwazwe na wimbo wa mpenzi aliyeondoka?

Jibu naanza kulitafuta mbali. Mwaka huohuo, Mexico City, mwimbaji José José aliimba “El Triste” kwenye tamasha. Majaji walimpa nafasi ya tatu, lakini wimbo ukadumu. Katika balada za Kihispania, kama ilivyo katika bolero, aliyeachwa husimama peupe na kusema kwamba bila mwenzake atakufa. Wapo wanaouita huo uongo, maana kesho mwimbaji yu jukwaani tena, mzima. Nawapinga. Anayesema atakufa anaapa kwamba alichopoteza kilikuwa na thamani ya uhai, na kiapo cha namna hiyo hakivunjwi na kuendelea kuishi.

Taarabu nayo huapa, ila kwa fumbo. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870–1888, alileta muziki wa Misri kwenye jumba lake. Baadaye mwimbaji Siti binti Saad akarekodi taarabu kwa Kiswahili huko Bombay mwaka 1928. Mshairi hutaja ua, chombo, ndege aliyetoroka tunduni, na jina la mlaumiwa akalimeza. Ubeti ukimchoma msikilizaji, huinuka akaenda kumtunza mwimbaji mbele za watu, kisha hurudi kitini. Ukumbi mzima umeona kwamba ana jeraha, na siri yake iko palepale. Sijui sanaa nyingine inayomruhusu mtu kukiri kiasi hicho bila kusema neno.

Pengo hilo la jina ndilo linalompa nafasi mhamiaji. Nchi hailaumiki: haijibu, haiombi radhi, haiwezi kusuluhishwa naye. Mpenzi hulaumiwa, kwa kuwa tunaamini bado anasikia. Aliyeacha kupenda halaumu tena, hunyamaza na kwenda zake. Kwa hiyo anayeiimbia Unguja kama mpenzi anakataa kukubali kwamba mazungumzo yamekwisha.

Lakini lugha hii ina upungufu ambao hatuna budi kuukabili. Katika wimbo wa aliyeachwa, aliyeondoka hapewi nafasi ya kujitetea. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliyowatoa wengine machozi na damu, kwa wengine waliobaki visiwani yalikuwa ukombozi. Nao waliipenda nchi hiyohiyo. Machozi ya kweli hayamfanyi mwenye kulia kuwa shahidi pekee.

Enyi wajukuu mliokulia Maskati, waulizeni wazee wenu ni ubeti gani ungewainua vitini wakatunze, na kwa ajili ya nani. Kisha waulizeni huyo anayelaumiwa angejibu nini.