Simu ni ya wote, ujumbe ni wa mmoja

Ipo simu ya nyumbani isiyo na waya, inayotumiwa na familia nzima. Ujumbe ukiingia, anayeiwahi ndiye anayeusoma. Akiulizwa, hujibu: "Kama hana la kuficha, anaogopa nini?"

Hoja hii naiona dhaifu. Siri si lazima iwe maovu. Shangazi anaweza kumwandikia mpwa wake kuhusu maradhi yake. Jirani akaomba akopeshwe ada ya mtoto. Hawa hawakutenda dhambi, ila wana haki ya kusitiriwa. Ujumbe una wenyewe wawili: aliyeuandika na aliyeandikiwa. Wewe wa tatu umeruhusiwa na nani?

Wapo watakaosema, "Sisi ni watu wa nyumba moja." Basi na tuizingatie Suratun-Nur, aya ya 58. Humo hata watoto wasiobaleghe, wa nyumba ile ile, wanatakiwa kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri na baada ya Isha. Kumbe kuishi pamoja hakuondoi hodi.

Baadhi ya simu za Gigaset za miaka ya 2000 zilikuwa na visanduku vya ujumbe vya kila mtu, vyenye namba ya siri. Ni jambo jema, lakini kufuli huzuia mkono tu, haifundishi adabu. Mzazi anaye mtoto mdogo wa kumlinda, na amlinde kwa uwazi. Kumvizia mke, mume au ndugu mtu mzima si ulinzi, ni upelelezi, nao umekatazwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 12.

Ukiukuta ujumbe usio wako, mwite mwenyewe, umpe simu.