Kijana Mchora Mbwa

Tumeulizwa na kijana mmoja wa hapa Mowlem, ambaye kazi yake ni kuandika vibao vya maduka na kupamba matatu, kwamba bwana mmoja amemletea kwenye simu picha ya mbwa wake aliyekufa, ataka achorewe kwa rangi amtundike ukutani. Wenziwe msikitini wamemwambia kuwa hiyo ni haramu mara mbili: ni sura, na ni mbwa. Auliza, je, ujira wake ni halali?

Ama hilo la mbwa, jibu lake ni jepesi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kwa mchanga. Imam Malik yeye amemhesabu kuwa ni tohara. Lakini mbwa wa karatasi hana mate. Wala mbwa si adui wa dini: Qurani imemtaja pamoja na vijana wa pangoni, imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na katika Hadithi sahihi yumo mwanamke mzinifu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. (Na hao wawapigao mbwa mawe njiani waendapo kusali, sijui wamesoma kitabu gani.)

Uzito uko kwenye sura. Hadithi za kuwaonya wachora viumbe wenye roho ni nyingi na ni sahihi. Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika kuwa kamera huzuia kivuli tu, haiumbi kitu. Na wengi wetu tumelipokea neno hilo, kwani ni nani leo asiye na picha katika kitambulisho chake? Kijana ashika hapo hapo, kwamba naye afuatisha kivuli kilichokwisha kuzuiwa. Hoja hii ni nzuri, walakini haitoshi. Lau ingalikuwa ni kufuatisha tu, yule bwana angalikwenda kuichapisha picha ile dukani kwa shilingi chache. Anacholipia ni kile ulichokizidisha mkono: jicho lionekane kama lamtazama. Basi kinachonunuliwa ndicho hasa walichokihofu wanavyuoni. Na ile ruhusa ya kukata kichwa, ili sura iwe kama mti, haimfai hapa, maana mteja anunua uso.

Kwa hiyo namwambia asiichore. Wala simwiti fasiki, kwani wako wanavyuoni wa Kimaliki walioihesabu sura isiyo na kivuli kuwa ni makuruhu tu.

Lakini haijesha. Ibn Abbas alijiwa na mtu aliyekuwa akila kwa kuchora. Alimsogeza karibu, akamwekea mkono kichwani, akamsikilizisha onyo la Mtume (s.a.w.), kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hakumwacha bila ya kazi. Sasa katika Mowlem ni nani anunuaye mti uliochorwa? Miongoni mwa waliomkataza wamo wenye maduka yasiyo na vibao, na rangi ya kuta za madrasa imebambuka muda mrefu. Arubuni aliyoipokea airejeshe. Na kwa kuwa imekwisha ingia katika kodi ya chumba, nimewataka hao waliomkataza wachange kadiri yake, naye awaandikie vibao vyao na kuta za madrasa kwa ujira huo.