Woga wa Wazazi na Amri ya Nane



Hapana mzazi Mkristo asiyewaogopea watoto wake. Asikiapo muziki asioufahamu, au aonapo kijana wake ameinamia mchezo mgeni, moyo humshtuka, naye hujiuliza: Je, mwanangu anapelekwa wapi? Woga huo si dhambi. Umezaliwa na upendo. Lakini hata woga wa namna hiyo waweza kutufikisha kwenye kuivunja Amri ya nane, ikatazayo kumshuhudia jirani uongo. Ndivyo ilivyotokea Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990, miongoni mwa ndugu zetu Waprotestanti wa madhehebu ya Kiinjili. Tuyatazame mambo hayo, si kwa kuwacheka, bali kwa kujifunza.

Mwaka 1974 ulitokea huko mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Vijana hukaa mezani na karatasi, kalamu na dadu, wakatunga pamoja hadithi ya mashujaa, majoka na wachawi, kama zile walizotusimulia bibi zetu jioni. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akaamini kwamba mchezo huo ndio uliomwua, na mwaka 1983 akaanzisha chama cha kuupinga. Nani atathubutu kuyalaumu machozi yake? Lakini mwaka uliofuata Jack Chick, mtungaji wa vijitabu vya dini vyenye picha, alitoa kijitabu kilichofundisha kwamba mchezo huo huwatia vijana katika uchawi wa kweli. Sisi Wakatoliki twapaswa kumkumbuka mtu huyo, maana kalamu iyo hiyo ilieneza masingizio mengi juu ya Kanisa letu. Aliyezoea kumsingizia mmoja hashindwi kumsingizia wa pili.

Tena alikuwako Mike Warnke. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alisimulia kwamba kabla ya kuongoka alikuwa kuhani mkuu wa Shetani, mwenye wafuasi 1,500. Alialikwa makanisani, akauza santuri zake, na wazazi wakamsadiki. Mwaka 1992 gazeti la Kikristo la Chicago, Cornerstone, liliwatafuta watu waliomjua ujana wake, likaonyesha kwamba masimulizi yale hayakuwa ya kweli. Angalieni, wapendwa: waliomfichua hawakuwa maadui wa dini. Walikuwa Wakristo walioona kwamba Mungu hahitaji uongo wetu ili ashinde. Mwaka uo huo Kenneth Lanning, mpelelezi wa FBI, alitoa taarifa kwamba hakupata ushahidi wa vyama vya siri vilivyosemwa kuwa vinaua watu kwa ajili ya Shetani.

Lakini maneno yakisha kutoka kinywani, hayarudi upesi. Mwezi wa Mei 1993, katika mji wa West Memphis, jimbo la Arkansas, watoto watatu wa miaka minane waliuawa. Wakakamatwa vijana watatu, mkubwa wao akiwa na miaka 18. Mahakamani, nguo nyeusi za Damien Echols, vitabu alivyosoma na muziki alioupenda vilitajwa kuwa dalili za ibada ya Shetani. Mwaka 1994 yeye alihukumiwa kufa, na wenzake wawili kufungwa maisha. Baadaye wataalamu walipima vitu vilivyookotwa mahali pa mauaji, wasione alama yoyote ya mwili wa vijana hao. Waliachiliwa mwaka 2011 kwa mapatano: wao walishikilia kwamba hawana hatia, hali hati za mahakama zilibaki kuwaandika wenye hatia. Miaka 18 ya ujana wao ilikwisha gerezani.

Ndugu zetu hao walifanya na mema mengi. Badala ya kukemea tu, waliwatungia watoto burudani: mwaka 1987 mchezo wa redio Adventures in Odyssey, na mwaka 1993 filamu za VeggieTales, ambamo mboga zasema na kusimulia habari za Biblia. Hiyo ndiyo njia bora, kuwasha taa kuliko kulilaani giza. Wala sisi tusijivune. Mwaka 1934 Wakatoliki wa Marekani waliunda Legion of Decency, na waumini wakaahidi kanisani kuziepuka filamu zilizokatazwa katika orodha yake. Orodha yaweza kumsaidia mzazi, lakini haiwezi kukaa mahali pake.

Je, yote yawafikiayo vijana ni mema? La. Zipo nyimbo chafu na picha za aibu, na mzazi anyamazaye hutenda dhambi. Lakini Bwana wetu alisimulia habari za watumishi waliokuwa na haraka ya kung'oa magugu, wakazuiwa wasije wakang'oa na ngano. Katika Tanzania, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa tu uchawi, twajua vema neno moja laweza kufanya nini.

Basi, baba na mama, kabla ya kusema, "Hili ni la Shetani," keti karibu na mwanao. Sikiliza wimbo wote. Mwulize anapenda nini ndani yake. Usieneze ushuhuda usiouchungua, hata kama umetoka mimbarini. Na ukiona umekosea, sema mbele ya watoto, "Nilikosea." Maana mtoto akigundua kwamba mzazi alimdanganya ili amlinde, kesho atauliza kama na habari za Mungu alizofundishwa na mzazi huyo huyo ni za kweli.

Mama Maria, aliyemtafuta Mwanawe siku tatu kwa uchungu, na alipomwona akamwuliza kwanza, atuombee sisi wazazi.