Imani Wakati wa Shida: Nguvu au Kasumba?



Majira ya baridi yaliyopita tulikusanyika sebuleni kwa ndugu yetu mmoja hapa Reading. Alikuwa amefiwa na mama yake huko Rombo, na hakuweza kwenda kuzika kwa sababu karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka. Angeondoka, asingeruhusiwa kurudi, na watoto wake wako hapa. Mazishi aliyaangalia kwenye simu. Alimwona mama yake akishushwa kaburini pembeni ya migomba, mtandao ukikatika kila mara, na kila ulipokatika aliitikisa ile simu kama mtu anayetikisa redio ya betri.

Tulifanya yote tunayofanya sisi Watanzania tulio ughaibuni. Tulichanga rambirambi, tukapika, tukaimba tenzi, tukaomba. Halafu tukaanza kusema. Mmoja wetu akamwambia, "Jikaze kaka, wewe ni mtu wa Mungu." Mwingine akasema Mungu amempenda mama kuliko tulivyompenda sisi. Wa tatu akamkumbusha kuwa Mkristo hapaswi kulia kama asiye na tumaini. Yeye aliitikia tu, "Amina." Watu walipokwisha kuaga, tukabaki wachache tunaosha vyombo, ndipo akatuuliza: "Nimeomba miaka minne nimkute hai. Hebu niambieni ninyi mnaoomba, Mungu alikuwa anasikia nini?"

Hakuna aliyejibu. Tuliendelea kufuta sahani. Lakini swali lile limetufuata hadi leo, maana wengi wetu tunalo moyoni, ila hatulisemi. Sisi tulio Wakristo tunapodai kwamba imani inatupa nguvu ya kukabili magumu, tunamaanisha nini hasa? Ni nguvu kweli, au ni dawa ya kutufanya tusisikie maumivu?

Mashaka haya si mageni. Karl Marx, aliyeishi London kuanzia 1849 hadi alipofariki mwaka 1883 na kuzikwa kule Highgate, aliifananisha dini na kasumba katika maandishi yake ya mwaka 1844. Zama zile kasumba ilikuwa ikiuzwa madukani hapa Uingereza kama dawa ya kutuliza maumivu. Kwa hiyo hakuwa anatukana tu. Alikubali kwamba maumivu yapo, ila aliona dawa hiyo inamlaza mgonjwa badala ya kumtibu. Sisi tunaosema Kiswahili tunalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa kwetu kasumba ni kilevi na pia ni mawazo potofu anayojazwa mtu mpaka asione ukweli.

Tukiri kwamba tumeiona imani ikitumiwa hivyo. Tumemwona mbeba boksi mwenzetu anayepiga shifti mbili mfululizo, mgongo umekwisha, naye haendi kwa daktari kwa kuwa "Yesu ndiye daktari." Tumemwona mwenye madeni akituma fedha za kodi ya nyumba kwa mhubiri wa televisheni ili "apande mbegu." Tumemsikia dada anayepigwa na mumewe akiambiwa arudi nyumbani akaombe. Hiyo ni kasumba, hata ikiitwa imani. Na yale maneno tuliyomwambia mfiwa usiku ule nayo yalikaribia kuwa hivyo. Tulitaka anyamaze ili sisi tupate nafuu.

Lakini tukirudi kwenye Biblia yenyewe, tunakuta jambo tofauti. Mtazameni Ayubu. Rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wasimwambie neno. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipofungua vinywa waliharibu: walimtetea Mungu, wakamlaumu aliyeumizwa. Ayubu yeye alilalamika, akadai kesi yake isikilizwe, akaulaani hata mchana aliozaliwa. Na mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale rafiki waliomtetea, na kusema kwamba aliyenena sawasawa ni Ayubu. Kwa hiyo kulalamika mbele za Mungu si upungufu wa imani. Yesu naye alilia kwenye msiba wa Lazaro, ingawa alijua atamfufua muda si mrefu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na anayeficha msiba kwa jina la imani hana tofauti na mficha maradhi.

Tutazame pia ule mstari wa Wafilipi 4:13, ambao Paulo anasema anayaweza yote kwa yeye anayemtia nguvu. Huko nyumbani tumeuona umeandikwa kwenye vioo vya daladala; hapa tunaubandika kwenye mlango wa friji. Tunausoma kama ahadi ya ushindi: karatasi zitatoka, kazi nzuri itapatikana, nyumba itakwisha kujengwa. Lakini Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, na mstari wa juu yake unasema amejifunza kushiba na kuona njaa pia. "Yote" anayoyaweza ni pamoja na njaa. Tena mstari unaofuata, ambao hakuna daladala inayouandika, anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Walikuwa wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Mstari maarufu wa nguvu umo ndani ya barua ya kushukuru kwa msaada uliofika!

Hapo tunaanza kupata mwanga. Katika Wagalatia sura ya 6, Biblia ya Union inatumia maneno mawili yanayofanana bila kuwa sawa. Mstari wa 2 unatutaka tuchukuliane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu ana furushi lake. Hata katika Kigiriki cha Paulo ni maneno mawili. Furushi ni lile ambalo hatuwezi kupokezana: kuamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, kumlilia mama yako, kumuuliza Mungu swali lako. Hakuna awezaye kuamini kwa niaba yako. Mzigo ni ule unaomponda mtu akiachiwa peke yake. Kosa letu usiku ule lilikuwa kuyachanganya. Tulijaribu kumnyang'anya furushi lake kwa mahubiri, na mzigo wake tukamwachia.

Mtu atauliza: kama nguvu inakuja kwa watu, Mungu wa nini? Swali ni la haki. Tunawafahamu wasioamini wanaovumilia magumu kwa ushujaa, na majirani Waislamu wanaotutangulia kwenye misiba yetu. Hatudai kwamba Mkristo peke yake ndiye mwenye nguvu. Tunachoweza kushuhudia ni hiki: imani yetu inatupa mahali pa kupeleka kilio, hata kama jibu halijaja. Tena inatupa sababu ya kuketi na mtu ambaye hatuna cha kumrekebishia, kwa kuwa tunaamini Mungu mwenyewe alikuja kuketi nasi, akateswa, akalia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa. Anayemwamini Mungu wa namna hiyo hana haja ya kuogopa swali la mfiwa. Na hapo tunapata kipimo: kasumba hukulaza, lakini imani hukuamsha uende kwa daktari, uende kwa mwenye shida, useme ukweli.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa ndugu yetu bila hotuba. Mama mmoja mzee, mwenyeji wa Tanga, alileta sufuria ya wali, akamwambia, "Mwanangu, hebu tusimulie habari za mama." Alisimulia mpaka saa saba za usiku. Tulicheka aliposimulia alivyofukuzwa na fimbo kwa kula ndizi za kuivishia mbege. Kisha akalia sana, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Wawili wetu tukapanga zamu ya kuwachukua watoto wake shuleni ili apate usingizi baada ya kazi ya usiku. Mwingine akampeleka kwa mwanasheria aulize habari za zile karatasi.

Swali lake halijajibiwa. Kanisani anakuja na kwaya anaimba besi kama zamani, ila kuna wimbo mmoja uliopigwa kwenye mazishi ya mama yake ambao ukianza yeye hunyamaza, na sisi tunamwachia anyamaze.

Kwa hiyo, ndugu zetu, simu ya msiba itakapoingia usiku, kama zinavyoingia kwetu sote tulio mbali, tuombe, lakini tusiwe wepesi wa maneno. Tubebe sufuria, twende tukaketi.

Mungu atutie nguvu sote.