Uzito wa Gari Jepesi

Katika milima ya Sierra Nevada, jimboni California, ipo njia ya mawe iitwayo Rubicon Trail, ambayo madereva huiendea kwa hofu na heshima. Jabali moja lililokadiriwa vibaya laweza kuvunja ekseli au kulilaza gari ubavu. Lakini wapo watu wazima wanaoparamia majabali yao uani, wamesimama wima, rimoti mkononi, nyuma ya gari linalobebeka kwa kiganja kimoja. Gari hilo la kipimo cha 1:24 hawakulinunua na kuliacha kama lilivyo. Wamelifumua na kuliunda upya, usiku baada ya usiku, juu ya meza ya chakula. Kazi ya namna hiyo ina thamani gani ya kimaadili? Ni mazoezi ya subira, au ni umri unaopotea?

Mgeni wa mchezo huu hudhani ubora wa gari ni kasi. Sivyo. Gari hili limeundwa ili litambae. Gia hupunguza mizunguko ya mota ili nguvu iongezeke. Difu zimefungwa ili gurudumu lililo hewani lisimnyang'anye nguvu mwenzake aliyeshika mwamba. Matairi ni laini, aghalabu yana sifongo ndani. Kisha fundi huanza kubadilisha: hurefusha ekseli, huteua shokapu nyingine, na zaidi ya yote hufunga vipande vya shaba njano chini, kwenye ekseli na magurudumu. Bodi ya juu huachwa nyepesi kadiri iwezekanavyo.

Hapo ndipo mchezo unapoigusa falsafa. Mwaka 1638 Galileo alichapisha kitabu kuhusu sayansi mbili mpya, akaonyesha kwamba sifa za kitu hazipungui zote kwa kiwango kimoja. Urefu ukigawanywa kwa 24, eneo hugawanyika kwa 576, na ujazo, pamoja na uzito, kwa 13,824. Gari la kilo 2,000 likipunguzwa kwa uaminifu hubaki na gramu 145 hivi. Ndiyo sababu likiporomoka jabalini huokotwa bila kovu. Ila pembe ya mwinamo ambapo gari hupinduka haitegemei ukubwa. Hutegemea mahali uzito ulipokaa. Gari dogo, basi, husema kweli kuhusu mizani na husema uongo kuhusu hatari.

Fadhila nazo zina tabia hiyo. Subira haipungui kwa udogo wa kazi: anayefungua skrubu ileile mara ya kumi bila ghadhabu amesubiri kweli. Unyofu nao haupungui, kwani gari lililopinduka halikubali visingizio; kosa ni la aliyeliunda. Lakini ushujaa hupotea njiani, maana hauwezi kuwapo pasipo kitu cha kupoteza. Ukarimu pia hupotea, kwa kuwa hakuna wa kupokea.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, alieleza kuwa kucheza ni kujitwisha kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kwake, mahitaji yote yakishatoshelezwa, mchezo ndio utakaoyapa maisha maana. Hata hivyo, mahitaji hayajatoshelezwa. Peter Singer, mwaka 1972, alimpa msomaji mfano wa mtoto anayezama kidimbwini, akauliza kwa nini umbali upunguze wajibu. Mswahili wa ughaibuni hahitaji kidimbwi hicho. Simu ya nyumbani inatosha: ada ya shule, dawa ya mama, paa lililoezuliwa na upepo. Bei ya vipande vichache vya shaba huweza kuwa jibu la simu hiyo.

Lakini mtoto wa uswahilini anayekata magurudumu kutoka kandambili kuukuu na kuunda gari la waya haulizwi ana haki gani ya kucheza. Mtu mzima huulizwa, si kwa kuwa mchezo umegeuka uovu, bali kwa kuwa yeye ana wanaomdai. Lawama, ikiwapo, i katika deni. Haimo katika gari. Anayeacha kuunda gari lake na bado hapokei simu hajawa mwema zaidi.

Kiswahili hutumia neno moja, uzito, kwa kinachopimwa kwenye mizani na kwa jambo lisilochukuliwa kwa mzaha. Fundi wa gari dogo anajua kwamba uzito pekee hausaidii: shaba ikiwekwa juu, gari hupinduka upesi zaidi. Swali kwake si kama maisha yana uzito wa kutosha. Ni kama wajibu umekaa chini, unakobeba, na mchezo juu, unakoweza kuwa mwepesi. Jibu halipatikani mezani penye skrubu. Hupatikana simu inapolia, naye ameshika bisibisi.