Pingili ya Mwisho: Kipimo cha Kani na Swali la Amana

Vitabu vitakatifu vinavyosomwa na watu wengi wa Afrika Mashariki vinalizungumzia suala la vipimo kwa ukali mkubwa. Qurani ina sura nzima, ya 83, inayoitwa Al-Mutaffifin, yaani wapunjao, ambayo inawakemea wale wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kukipunguza wanapotoa. Nayo Kumbukumbu la Torati inamkataza mtu kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Makatazo hayo yanamlenga mtu anayejua anachokifanya, kwa kuwa mpunjaji huanza kwa kuujua uzito wa kweli ndipo aufiche. Lipo hata hivyo swali ambalo karipio hilo haliligusi moja kwa moja, nalo limezidi kuwa zito tangu upimaji ulipotoka sokoni na kuingia katika maabara za uhandisi: mtu aliyepata chombo bora, chenye cheti halali, akakifunga kwenye mtambo wa majaribio kwa namna isiyofaa, kisha akatoa namba isiyo ya kweli huku akiiamini kwa moyo wake wote, amefanya kosa la aina gani?

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima kwanza ikumbukwe kwamba kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni athari yake juu ya vitu. Robert Hooke wa Uingereza alieleza mwaka 1678 kwamba springi hurefuka kwa kiasi kinacholingana na kani inayoivuta, na vihisi vingi vya leo, ambavyo mafundi huviita sensa, bado vinasimama juu ya kanuni hiyohiyo. Ndani yake mna kipande cha chuma au aluminiamu kinachonyumbuka kidogo sana kinapobebeshwa mzigo, na juu ya kipande hicho hubandikwa geji, yaani uzi mwembamba wa metali ambao ukinzani wake wa umeme huongezeka unapovutwa na kupungua unapobanwa. William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, aliieleza tabia hiyo ya nyaya mwaka 1856, lakini geji ya kubandika ilisubiri hadi mwaka 1938, pale Edward Simmons na Arthur Ruge walipoibuni nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Mabadiliko yenyewe ni madogo mno: waya wa mita 1 ukirefuka kwa milimita 1, ukinzani wa geji ya kawaida hubadilika kwa takriban asilimia 0.2. Kihisi cha torki, yaani cha nguvu ya kuzungusha, ambayo ni kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili, hufuata njia hiyohiyo, isipokuwa kinachosomwa ni kusokoteka kwa shafti. Namba inayotokea kwenye kioo, basi, ni habari ya kani tu, iliyosimuliwa na metali iliyoguswa nayo, ikapitia nyaya, kikuzaji na programu kabla ya kumfikia msomaji.

Habari inayosimuliwa huhitaji msimulizi wa kuaminika, na wanazuoni wa hadithi za Mtume walilichimba jambo hilo kwa karne nyingi. Walimtaka rawi, yaani msimulizi, awe na sifa mbili walizozitenga waziwazi: uadilifu, ambao ni unyofu wa dini na tabia, na dhabti, ambayo ni uwezo wa kuihifadhi habari na kuifikisha bila kuibadilisha. Mchamungu mwenye kumbukumbu dhaifu hakuhesabiwa kuwa mwongo, wala heshima yake haikuvunjwa, lakini simulizi yake haikupewa daraja la kuwa sahihi. Walidai pia isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi usiokatika, na hapa ndipo sayansi ya vipimo inapofanana nao kwa namna ya kushangaza. Kihisi hupelekwa kwenye ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo rejea ambacho thamani yake inajulikana. Kipimo hicho nacho hulinganishwa na cha maabara ya taifa, kama zile za Shirika la Viwango Tanzania au lile la Kenya, KEBS. Na mnyororo hupanda hadi kwenye vizio vya kimataifa, ambako kilogramu, tangu tarehe 20 Mei 2019, haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa karibu na Paris bali hutegemea namba thabiti ya Planck.

Mnyororo huo, hata ukiwa mzima kuanzia juu, una pingili moja ya mwisho ambayo cheti hakiishuhudii, nayo ni ile iliyo kati ya kihisi na bolti zinazokishikilia. Cheti kinaeleza jinsi kihisi kilivyosema kilipokaa juu ya sahani bapa na ngumu, kikasukumwa katikati na kwa mstari ulionyooka. Hakiwezi kueleza kitakavyosema kikifungwa juu ya bamba lililopinda au kikivutwa kwa upande.

Uteuzi wa kihisi ni sehemu nyepesi zaidi ya kazi, ingawa nao una mitego yake. Kihisi cha kilonyutoni 10 ambacho kosa lake halizidi asilimia 0.1 ya uwezo wake wote kinaweza kukosea kwa nyutoni 10, na kikipewa jaribio la nyutoni 50 kosa hilo linakuwa moja ya tano ya kinachopimwa, bila cheti kuwa kimedanganya hata neno moja. Kihisi cha kwatzi hutegemea chaji ya umeme inayojitokeza fuwele inapobanwa, kama walivyoonyesha Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Ni hodari wa kushuhudia pigo la nyundo, lakini husahau mzigo uliotulia, kwa kuwa chaji hiyo huvuja kidogo kidogo hadi ikaisha.

Ufungaji ndio wenye kina, kwa sababu kani hupita katika kila njia inayoipata na hujigawa kulingana na ugumu wa kila njia. Ukanda wa kuongozea, bomba la mpira la mafuta ya haidroliki, hata waya uliokazwa kupita kiasi, vyote vikiunganisha pande mbili za kihisi huchukua sehemu ya mzigo na kuacha kihisi kikitoa ushahidi wa kweli juu ya sehemu iliyobaki tu. Kihisi cha kwatzi hubanwa kwa bolti inayopita katikati yake, na bolti hiyo nayo hubeba fungu lake la kani, ndiyo maana ugezi wake unapaswa kurudiwa baada ya kufungwa. Kihisi cha torki kikiwekwa kati ya mota na mzigo wake, bila viungio vinavyoweza kunyumbuka kidogo kufidia shafti zisizolingana, hupokea kupindishwa juu ya kusokotwa, na kupindishwa huko huweza kuchanganyika na usomaji. Zaidi ya hayo, kihisi hakiwezi kuhisi bila kunyumbuka, na kila kinachonyumbuka hulegeza kwa kiasi fulani mtambo kilichoingizwa ndani yake. Shahidi huyu hana njia ya kusimama kando ya tukio analolisimulia.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri katika mashine ya kupondea mchemraba wa zege, ambao kwa kawaida una pande za milimita 150. Zege inayotakiwa kuhimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba inapaswa kustahimili kilonyutoni 562.5 kabla ya kupondeka, na mashine inayosoma asilimia 5 zaidi ya ukweli itaipitisha zege ya nyutoni 23.8 kana kwamba imetimiza masharti. Mashine hiyo hupewa sahani ya juu yenye kikalio cha mviringo mithili ya nusu tufe, ili ijilaze sawasawa juu ya mchemraba kabla mzigo haujawa mkubwa. Kikalio kikishika kutu au kikiachwa na uchafu, mchemraba hupondwa upande mmoja kwanza, na safari hii namba hutoka ndogo kuliko inavyostahili, na mjenzi asiye na kosa hubomolewa kazi yake. Kosa la kwanza humdhulumu atakayelala chini ya dari ile, na la pili humdhulumu fundi. Wote wawili hawakuwapo maabara, wala hawakupewa nafasi ya kuuliza bolti zilikazwaje.

Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina jibu linalotenga mambo mawili: aliyeharibu mali ya mwenzake kwa kukosea, bila kukusudia, huondolewa dhambi lakini haondolewi dhamana, yaani wajibu wa kufidia, na mtu anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara hata kama alitaka kuponya. Jibu hilo ni la haki, lakini kwa upimaji linahitaji kusogezwa hatua moja mbele, kwa sababu makosa yasiyokusudiwa hayalingani. Lipo kosa linalobaki baada ya bidii yote, linalotokana na ukomo wa chombo na wa kiumbe, ambalo mhandisi hulitangaza kwa kuandika kando ya namba kiasi inachoweza kuzidi au kupungua. Tangazo hilo ni ndugu wa desturi ya mamufti ya kufunga fatwa kwa wallahu aalam, yaani Mungu ndiye ajuaye zaidi, lakini mufti huyaandika maneno hayo akiwa amekwisha kupekua vitabu. Lipo pia kosa ambalo lingegunduliwa kwa kuning'iniza uzito unaojulikana baada ya kufunga, au kwa kukizungusha kihisi nusu duara mahali pake na kurudia mzigo uleule ili kuona kama kitasema vilevile. Asiyefanya hivyo, hali aliweza, hajawa mpunjaji, lakini kujiita mtu aliyekosea tu ni kujipunguzia deni.

Dalili ya kosa hilo mara nyingi ipo mbele ya macho, nayo hufutwa kwa kidole. Kihisi kinapofungwa juu ya uso usio bapa, au bolti zake zinapokazwa bila usawa, huanza kusoma kani hata kabla ya mzigo kuwekwa, na karibu kila kifaa cha kusomea kina kitufe cha kurudisha namba hiyo kwenye sifuri. Kitufe hicho ni halali kwa uzito wa sahani na vishikizo, lakini kikibonyezwa kabla namba ya mwanzo haijaandikwa, malalamiko pekee ya shahidi juu ya jinsi alivyokalishwa hupotea, na mtu atakayekuja kuuliza miaka kumi baadaye kwa nini boriti ilivunjika ataikuta ripoti inayoanza na sifuri safi.