Ujuzi wa Mhandisi ni Amana

Wako wanaodhani kwamba kazi ya mhandisi huishia kwenye hesabu na mchoro, na kwamba uandishi ni shughuli ya wanafasihi. Sisi twaona kwamba dhana hiyo ina hatari.

Mwaka 1977, katika kinu kimoja cha umeme wa nyuklia huko Ohio, Marekani, waendesha mitambo walifunga mapema mno maji ya dharura yanayopoza kinu. Februari 1978 mhandisi wa kampuni iliyosanifu vinu vya namna hiyo aliandika waraka wa ndani, akionya juu ya kosa hilo na kutaka waendeshaji wapewe maagizo mapya. Waraka ukazunguka maofisini, ukazua maswali yasiyopata jibu la wazi, maagizo hayakutoka. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, waendeshaji wakayapunguza maji ya dharura vivyo hivyo, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Ujuzi ulikuwapo, lakini haukumfikia aliyeshika mtambo.

Je, mwenye kujua ametimiza wajibu wake akishajua? La hasha. Ujuzi unaohusu uhai wa watu ni amana, na amana haijatolewa mpaka imfikie mwenyewe.

Hapa ndipo mafunzo yetu yana kasoro. Mwanafunzi humwandikia mtahini, yaani mtu ambaye jibu analijua tayari. Kazini atamwandikia asiyejua: fundi wa zamu, mtunza ghala, diwani atakayeamua juu ya daraja. Aidha, uhandisi, uliopata kitivo chake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mafundi wengi husoma kwa Kiswahili.

Huenda tukaambiwa kwamba ratiba imejaa. Lakini hatuombi somo la kuremba maneno. Mwanafunzi arudipo kutoka mazoezi ya viwandani, na aandike taarifa mbili: moja ya mwalimu wake, na nyingine ya fundi, kwa Kiswahili, ikieleza hatari iko wapi, lifanywe nini, na nani, na lini. Kisha fundi aisome na kutenda, mwanafunzi akitazama. Fundi akikwama, tusimlaumu. Mwandishi na aandike upya.